Kadi za Pointi Madukani: Hesabu Yake na Amana Iliyomo

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na kuharamisha riba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu wa darasa la hapa Port Victoria, na wengine wa Kisumu, Busia na Mumias ambao waraka huu huwafikia, wametuletea swali moja mara nyingi, nasi tumechelewa kulijibu. Wauliza juu ya zile kadi ambazo maduka makubwa huwapa wanunuzi wao, ambazo kila ununuapo kitu huandikiwa pointi, na pointi zikiwa nyingi hugeuzwa kuwa bei ya bidhaa. Je, yafaa Muislamu kuichukua kadi hiyo? Na je, ina faida ya kweli, au ni ndoana iliyofichwa ndani ya chambo?

Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa dogo, akasema: kwa nini masheikh washughulike na kadi za dukani, na hali umma una mashaka makubwa? Twamjibu kwamba dini yetu haikuacha soko nje ya mlango wake. Sayyidna Umar (R.A.) alikataza mtu kuuza katika soko la Madina illa awe amefahamu dini. Na mtu wa leo huingia dukani mara nyingi kuliko aingiavyo darasani. Akiwa hajui hukumu ya anachokifanya huko, atakuwa amepoteza sehemu kubwa ya siku zake pasina elimu.

ASILI YA JAMBO HILI

Jambo lenyewe si geni kama lidhaniwavyo. Hapa ufukweni kwetu, mwanamke auzaye omena hujaza gorogoro lake, kisha huchota gao moja akalimwaga juu, nawe ukaondoka ukiwa radhi. Hiyo ndiyo nyongeza. Mkulima wa mpunga wa Bunyala hufanya vivyo hivyo, na mwenye ndizi katika soko la Kibuye huko Kisumu hukuongezea ndizi mbili ili urudi kwake Jumapili ijayo. Hapana mwanachuoni aliyeharamisha nyongeza, kwani ni zawadi ya muuzaji kutoka katika mali yake, kwa ridhaa yake.

Wazungu waliichukua nyongeza hiyo wakaiandika kwenye karatasi. Huko Marekani, tangu mwaka 1896, kampuni ya Sperry and Hutchinson iliwauzia wenye maduka stempu, nao wakawapa wanunuzi wao. Mnunuzi akazibandika katika kitabu, na kitabu kikijaa akapewa chombo cha nyumbani. Uingereza nayo ilikuwa na stempu zake. Kisha duka la Tesco la huko likaanzisha kadi yake mwaka 1995, na hapo likazuka jambo jipya: kadi haikuhesabu shilingi tu, ilihesabu pia kila alichokinunua mtu na siku aliyokinunua. Imepokewa kwamba mwenyekiti wa Tesco alipoonyeshwa matokeo ya jaribio la kadi hiyo alishangaa kuona kwamba miezi mitatu tu ilikuwa imewafunza juu ya wanunuzi wake mengi kuliko alivyojua yeye kwa miaka thelathini.

Kenya ikafuata njia hiyo. Uchumi, Nakumatt, Tuskys, Naivas na wengineo, kila mmoja alikuwa na kadi yake. Hata wasiokanyaga supamaketi waliingia katika mlango huo, kwani Safaricom ilianzisha Bonga Points mwaka 2007, ikimpa mteja pointi moja kwa kila shilingi 10 anazotumia. Na mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ikaruhusu pointi hizo zinunue chakula na mahitaji madukani. Kwa hiyo hakuna mvuvi wala mwendesha boda boda wa hapa kwetu awezaye kusema kwamba jambo hili halimhusu.

HUKUMU YAKE

Asili ya mambo ya mua'mala ni kujuzu mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Kadi itolewayo bure, na mnunuzi akapewa pointi zenye thamani inayojulikana, na bei ya bidhaa isiongezwe kwa sababu yake, hiyo ni ahadi ya zawadi au ya kupunguziwa bei, wala hatuoni ubaya ndani yake. Wala si bid'a, kama alivyotuambia kijana mmoja kwa haraka. Bid'a tunayoikataza ni kuzua katika ibada. Kadi si ibada.

Lakini kuna namna mbili ambazo lazima tuzitenge na hiyo.

Namna ya kwanza ni kadi inayouzwa: mtu hutoa fedha kila mwaka ili apate haki ya kupunguziwa bei. Hapo atoa kitu anachokijua ili apate kitu asichokijua. Huenda akanunua sana akafaidi, huenda asinunue akapata khasara. Huo ni gharari. Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka mwaka 1427 wa Hijra, yaani 2006, lilikataza kadi za punguzo zinazolipiwa kwa sababu hiyo, na likaruhusu zile zitolewazo bure.

Namna ya pili ni kadi inayofungamanishwa na bahati nasibu: nunua vitu vya shilingi kadha wa kadha, jina lako litiwe katika chungu, huenda ukashinda gari. Wako wanavyuoni walioruhusu ikiwa mtu amenunua anachokihitaji kwa bei yake ya kawaida, na jina lake likaingizwa pasi na yeye kukusudia. Ama yule anunuaye unga asioutaka ili jina lake liingie mara nyingi, huyo ameweka fedha yake mahali pa kamari, hata kama mkononi ana mfuko wa unga. Na nasaha yetu ni kujiepusha.

HESABU YAKE

Tumekwisha kusema kwamba kadi ya bure yajuzu. Lakini si kila kinachojuzu kina faida, na Mwenyezi Mungu katika Suratul Furqan amewasifu waja wake kwamba watumiapo hawafanyi israfu wala ubakhili, bali huwa katikati ya hayo mawili. Ili mtu awe katikati hana budi ajue hesabu. Basi na tuhesabu.

Tuseme duka linakupa pointi moja kwa kila shilingi 100, na pointi moja ni sawa na shilingi moja. Maana yake ni kwamba umepunguziwa moja katika mia. Mwenye nyumba anunuaye vitu vya shilingi 8,000 kwa mwezi atapata shilingi 80. Kwa mwaka mzima atapata shilingi 960. Hiyo si kitu cha kudharauliwa, kwani ni fedha, na asiyeshukuru kidogo hashukuru kingi. Lakini tazama upande wa pili wa mizani. Ikiwa duka hilo linauza ghali kuliko jirani yake kwa shilingi mbili tu katika kila mia, basi mtu huyo amelipa shilingi 160 zaidi kila mwezi ili arudishiwe 80. Kwa mwaka ametoa 1,920 akapewa 960, kisha akafurahi na kumsifu muuzaji kwa ukarimu.

Na sisi tukaao mbali tuna hesabu ya ziada, nayo ni nauli. Anayetoka Port Victoria kwenda Kisumu kwa ajili ya hospitali au kumtazama mwanawe shuleni, akapitia dukani akaonyesha kadi yake, huyo amefaidi. Ama anayepanda matatu kwa makusudi ya kukusanya pointi, nauli ya kwenda na kurudi itakula pointi za miezi mingi kabla hajafika Kisumu. Tumewaona watu wa namna hii, tena ni watu wenye akili katika mambo yao mengine.

Kisha kuna mtego ulio mwembamba kuliko huo. Mtu ana pointi 470, naye ameambiwa kwamba zikifika 500 ataweza kuzitumia. Akatazama akaona zimebaki 30 tu, na 30 ni idadi ndogo. Akanunua sabuni na mafuta ambayo hayakuwamo katika karatasi yake aliyoandikiwa nyumbani. Hakukumbuka kwamba pointi 30 ni manunuzi ya shilingi 3,000. Hapa ndipo kadi inapokuwa ndoana: mtu aliingia sokoni akiwa mnunuzi, akatoka akiwa mtumishi wa idadi. Na katika Suratul Israa tumeonywa kwamba wabadhirifu ni ndugu wa mashetani. Ubadhirifu hauwi wa matajiri peke yao. Masikini naye huwa mbadhirifu akinunua asichokihitaji kwa fedha ya anachokihitaji.

Tena, ewe ndugu, usizihesabu pointi kuwa ni akiba yako. Pointi ni ahadi, na ahadi huishi maadamu aliyeahidi yu hai. Nakumatt ilianza Nakuru ikiwa duka la magodoro, ikakua mpaka ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na huko Kisumu watu walijazana katika tawi lake la Mega City. Mwezi wa Januari mwaka 2018 mahkama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Tuskys nayo ikaingia katika shida mwaka 2020, rafu zake zikawa tupu, matawi yakafungwa moja baada ya moja. Choppies ya Botswana, iliyoyanunua maduka ya Ukwala ambayo watu wa Kisumu waliyajua sana, nayo ikaondoka Kenya kufikia mwaka 2020. Nakumatt ilipoanguka, mabenki yalidai, wenye majengo wakadai, waliopeleka maziwa na unga wakadai, na wafanyakazi wakadai mishahara yao. Sasa mwenye pointi 400 katika pochi yake asimame wapi katika foleni hiyo? Kwa sababu hii twasema: pointi ulizozipata zitumie mapema ukiwa na haja ya kweli, wala usizilimbikize kama mtu awekaye dhahabu. Na zaka haziwajibiki, kwani hujazimiliki kwa umiliki uliotimia. Wallahu aalam.

Liko na jambo la siri za nyumba. Kadi hubeba jina lako na namba yako ya simu, na duka hujua unakula nini, unatumia dawa gani ya ngozi, na mtoto wako ameanza lini kuvaa nepi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imempa kila mtu wa Kenya haki ya kuuliza habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, na kukataa zisitumiwe kumtangazia biashara. Wachache wanaijua haki hiyo. Bei ya kadi ya bure ni habari hizo. Mwenye kuridhia na aridhie, lakini aridhie kwa kujua.

AMANA ILIYOMO

Sasa tumefika katika jambo ambalo kwa ajili yake hasa tumeandika maneno haya, nalo si la hesabu ya shilingi bali ni la hesabu ya Siku ya Kiyama. Pointi ni mali ya nani?

Tuna jambo la kukiri mbele ya wasomaji wetu. Kwa Ramadhani tatu mfululizo tulikabidhiwa fedha za futari za msikiti, zilizochangwa na wavuvi, na wenye maduka, na akina mama wauzao samaki, ili wafunguzwe masikini na wasafiri. Kila mwaka zilikuwa kama shilingi 60,000. Tulikwenda Kisumu katika duka moja kubwa, tukanunua mchele, sukari, mafuta, unga na tende, na kila tulipofika kwa keshia tulitoa kadi yetu, yenye jina letu. Baada ya Ramadhani ya tatu pointi zilikuwa zimefika 1,800, na kwa pointi hizo tukachukua birika la umeme tukalipeleka nyumbani. Wallahi hatukuona ubaya wowote. Tulisema: fedha ya msikiti haikupungua hata senti moja, risiti zote zipo, na pointi ni zawadi ya duka kwa aliyechukua taabu ya safari.

Kisha usiku mmoja, darasani, tulikuwa tukisoma hadithi ya Abu Humayd As-Saidi (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeitwa Ibnul Lutbiyya. Mtume (S.A.W.) alimtuma kwenda kukusanya sadaka. Aliporudi aliigawanya mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama zawadi ingemfuata huko. Kisha akaonya kwamba atakayechukua kitu kwa njia hiyo atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni. Tuliisherehesha hadithi hii vizuri sana, tukawataja maafisa na wanasiasa na wenye kula rushwa. Tulipomaliza, kijana mmoja wa nyuma akainua mkono, akasema kwa adabu: "Maalim, na zile pointi za futari?"

Tulinyamaza. Tulitafuta jawabu katika kila kitabu tulichokisoma tangu udogoni, nasi hatukulipata, kwani jawabu lilikuwa katika ile hadithi iliyo mbele yetu. Lau tungekaa nyumbani kwetu, lile duka lisingetuletea pointi 1,800. Zilitufuata kwa sababu ya fedha ya watu wengine iliyokuwa mikononi mwetu.

Tukamwambia kijana kwamba amesema kweli, na kesho yake tukawakusanya wazee wa msikiti tukawaeleza. Mzee mmoja akasema tuzitazame na zile risiti. Hapo ndipo yalipodhihiri mabaya zaidi. Tulipolinganisha bei tuliyolipa na bei ya muuzaji wa jumla ambaye tulikuwa tukimpita njiani, tuliona kwamba kwa miaka mitatu tulilipa zaidi ya shilingi 5,000 kupita bei yake kwa mchele na sukari ile ile. Kwa nini tulimpita? Tulijiambia kwamba duka kubwa ni safi, na vitu vyote vipo mahali pamoja. Hayo yalikuwa kweli. Lakini tukiisema kweli yote, mkononi tulikuwa na kadi, na yeye hakuwa na kadi. Pointi 1,800 zilizoingia nyumbani kwetu ziliwagharimu masikini shilingi 5,000 za chakula.

Zile 1,800 tulizilipa siku ile ile. Ama ile tofauti ya bei, wazee walisema hawatudai, kwani hatukukusudia kudhuru na wakala hutumia ijtihadi yake. Twawashukuru kwa hisani yao. Lakini nafsi haikutulia, tukailipa kidogo kidogo mpaka ikaisha kabla ya Ramadhani iliyofuata. Birika lingali nyumbani, na sasa ni letu.

Hatukuyataja haya ili tusifiwe kwa kutubu. Tumeyataja kwa sababu tunajua kwamba hatuko peke yetu. Mweka hazina wa chama cha akina mama anunuaye masufuria ya wanachama, mwalimu anunuaye chakula cha watoto wa madrasa, kijana aliyetumwa na mwajiri wake, mtoto aliyepewa noti na shangazi yake: kila mmoja wao ni wakala, na manufaa yaliyozalika kutokana na mali humfuata mwenye mali illa yeye mwenyewe aseme, nimekuachia. Mtazameni Urwa Al-Bariqi (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Yeye akanunua wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari. Hakusema kondoo ni wako na dinari ni ujira wa werevu wangu. Alivileta vyote viwili, na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Basi Urwa na Ibnul Lutbiyya wote wawili walitumwa, na wote wawili walirudi na ziada. Mmoja alipata dua, na mwingine alipata onyo juu ya mimbari. Khitilafu yao ni neno moja tu: hii ni yangu.

Na katika mlango huu huu yumo keshia ambaye, akimwona mnunuzi hana kadi, hupitisha kadi yake mwenyewe ili pointi zimwangukie yeye. Wengi huliona hilo kuwa ni ujanja wa mjini. Nasi twasema ni khiyana, kwani mwenye duka aliwaahidi wanunuzi, wala hakumwahidi mtumishi wake. Ama mtu kumwazima jirani yake kadi yake kwenye foleni, hilo hufuata masharti ya duka: likiwa limeruhusu hapana ubaya, na likiwa limekataza basi Waislamu hushikamana na masharti yao.

NENO KWA WENYE MADUKA, NA KWA WANUNUZI WAO

Enyi ndugu zetu wafanya biashara, hatuwakatazi kuwavuta wanunuzi. Lakini msipandishe bei Jumatatu ili mwandike punguzo Ijumaa. Msiandike bei moja kwenye rafu na nyingine kwenye mashine. Na wewe mwenye gorogoro lililogongwa chini ili lichukue kidogo, usijidanganye kwamba gao moja la nyongeza litakufutia hayo, kwani umetoa katika mali ya mnunuzi mwenyewe kisha ukamfanya akushukuru. Someni mwanzo wa Suratul Mutaffifin muone walivyotishwa wenye kupunja. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha aibu ya bidhaa, hubarikiwa katika mauzo yao; na wakificha na kusema uwongo, baraka hiyo hufutwa. Baraka hiyo haiandikwi kwenye kadi yoyote.

Na enyi wanunuzi, kumbukeni kwamba kuna uaminifu wa namna nyingine ambao hauna pointi. Mto Nzoia unapovunja kingo zake, kama ulivyofanya mara nyingi, na maji yakaingia Budalangi, na matatu zisiweze kupita, ni nani anayekupa unga kwa kukuandika katika daftari? Ni mwenye kiduka cha hapa kijijini, ajuaye jina la baba yako. Hatusemi mlipe ghali kwa ajili yake kila siku, wala hatumruhusu naye aifanye shida yenu kuwa mtaji. Twasema tu kwamba mkihesabu faida, muihesabu na hiyo. Deni lake mlilipe kwa wakati. Ni aibu kubwa mtu kwenda Kisumu kuchukua pointi 20 kwa fedha taslimu, na hali jina lake liko katika daftari la jirani tangu wakati wa mafuriko.

MUKHTASARI

Basi jawabu letu, kwa ufupi, ni hili.

Kwanza, kadi ya bure yenye pointi za thamani inayojulikana yajuzu. Kadi ya punguzo inayouzwa haifai. Na ile yenye bahati nasibu ni bora kuiepuka.

Pili, kadi ina faida kwa mtu aliyekwisha kuamua nyumbani anunue nini, akalinganisha bei, akaona duka lile ndilo nafuu. Huyo na aionyeshe kadi yake, achukue haki yake na kumshukuru Mola wake. Ama anayechaguliwa duka na kadi, huyo ana khasara, hata pointi zake zikiwa nyingi.

Tatu, pointi si akiba. Zitumie zingali na mwenyewe.

Nne, pointi zilizopatikana kwa fedha ya mtu mwingine ni zake huyo mtu. Ukinunua kwa fedha ya msikiti, au ya chama, au ya mwajiri, ama fungua kadi kwa jina la wenye mali, ama waulize na wakuruhusu kwa ulimi wao, ama iache kadi mfukoni.

Darasa letu sasa lina kadi yake, iliyoandikwa kwa simu ya mweka hazina na kushuhudiwa na wazee wawili. Pointi zake hununua tende. Lakini kabla ya kuitoa kadi hiyo, aliyetumwa hana budi kwanza kuuliza bei katika maduka matatu na kuziandika. Yule kijana aliyeinua mkono ndiye tuliyempa kazi ya kuzikagua risiti.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atukinai kwayo, na atujaalie tuulizane darasani kabla hatujaulizwa mbele yake. Wabillahi taufiq.